Skrini Inajibonyeza Ikiwa kwa Chaji? Hii Ndio Rada, na Vile Unaweza Itumia Kulinda Maji ya Tanki

Hii umeiona: simu iko kwa chaja ya bei ya chini, unataka kutumia mathe doo kwa M-Pesa, halafu skrini inaanza kubonyeza namba yenyewe. Mtaani watakushow simu imeingiwa na majini. Zii, ni chipu imechanganyikiwa.

Cheki, skrini ya kugusa haisikii nguvu ya kidole. Ndio maana ukiigonga na kucha ama biro, inanyamaza. Chini ya kioo kuna mistari ya kupitisha stima, myembamba hadi huioni. Mwili wako umejaa maji na chumvi, kwa hivyo pia unapitisha stima. Kidole kikikaribia, wewe na hiyo mistari mnakuwa kapasita, yaani vitu viwili vinavyoweka chaji bila kugusana. Chipu inapima hiyo chaji kila mara, na ikibadilika inajua umefika. Mwingereza E.A. Johnson aliandika kuhusu skrini kama hii 1965, lakini ilienea kwa mifuko ya watu baada ya iPhone kutoka 2007.

Sasa chaja mbovu huingiza kelele ya stima kwa simu, na chipu inadhani kelele ni kidole. Kwa hivyo skrini ikianza vituko, chomoa chaja kwanza, ndio utume doo. Sifuri moja ya ziada ni hasara.

Kama wewe ni wa kuunda vitu, anza na chipu ya TTP223, ile mafundi wengi huchezea. Inakula volti 2 hadi 5.5, so betri mbili ndogo zinatosha. Shika haya manne:

1. Pedi iwe na ukubwa wa ncha ya kidole. Ukiifanya kubwa kama kiganja, inaanza kusikia mkono kabla haujagusa.

2. Kifuniko kiwe chembamba, cha plastiki ama kioo, na kishikane na pedi. Hewa ikibaki katikati, inapunguza usikivu. Bati usiweke, linaziba kila kitu.

3. Waya wa kutoka pedi hadi chipu uwe mfupi. Ukiwa mrefu, nao unageuka pedi na kushika kelele.

4. Ukiwasha, usiguse kwa nusu sekunde. Hapo chipu inajifunza hali ya kawaida ni gani.

Hiyo ya nne ndio huchoma wasee wengi. Chukua mfano wa Ngoliba, mahali jua si mchezo na maji ni ya kuhesabu. Unabandika karatasi ya foili nje ya tanki la plastiki, kwa alama ya juu, ili pampu izime maji yakifika hapo. Idea ni fiti, kwa sababu kwa kipimo cha kushika chaji, hewa ni 1, plastiki ni kama 2 ama 3, na maji ni karibu 80. Chipu inayaona maji kupitia ukuta wa tanki.

Noma ni hii: stima ipotee usiku, irudi tanki likiwa limejaa. TTP223 inaamka, inapima, inaamua kwamba maji ndio hali ya kawaida. Kwake hakuna kitu kimeguswa, yaani tanki halijajaa. Pampu inaendelea, na asubuhi unapata maji yako yote yako kwa shamba la jirani.

Kwa kazi ya tanki, tumia chipu inayokupa namba yenyewe badala ya ndio ama hapana. ESP32 ile ya kwanza ina pini 10 za kugusa. Pima ukuta ukiwa mkavu, pima ukiwa na maji, hifadhi hizo namba mbili kwa memori, na uilinganishe nazo kila ikiamka. Weka na swichi ya kuelea kama akiba.

Na ile stima ya volti 240 ya pampu? Hiyo ipitie relei, na umwachie fundi wa stima aunganishe. Wewe baki upande wa betri.