Mlinzi wa Bustani Mwenye Ndevu za Mahindi

Msimu wa kupukuchua mahindi unapofika Hanga, mkoani Ruvuma, magunzi hurundikana uani yakingoja kuwa kuni. Kabla hayajafika jikoni, mtoto wa miaka mitatu huchagua moja, hulifunga mgongoni kwa kipande cha kanga na kulibembeleza lisilie. Wazazi wengi huuita utundu. Lakini mtoto aliyeligeuza gunzi kuwa mwana ameshaanza kushika akilini jambo lisilokuwapo mbele ya macho yake, na uwezo huohuo ndio unaobeba lugha.

Huko Ujerumani na kwingineko Ulaya watu hupamba bustani kwa sanamu ndogo za wazee wenye ndevu na kofia zilizochongoka. Mzee wa namna hiyo hutengenezeka Hanga bila kutoa hata shilingi. Loweka maganda makavu ya mahindi mpaka yalainike, yakunje yawe kofia, kisha yafunge juu ya gunzi kwa ukambaa wa mgomba. Ndevu zitoke kwenye hindi lenyewe, zibandikwe kwa uji mzito. Macho yachorwe kwa mkaa. Mwache mtoto afunge na kubandika mwenyewe, hata kofia ikikaa upande. Mzee akishasimikwa kwenye tuta la mchicha kuwafukuza kuku, mtoto ndiye ampe jina. Kazi ya mzazi ni kuuliza na kuitikia: mlinzi wetu ameamkaje? Amekula nini? Anamwogopa nani?

Ruvuma ni mkoa wa chakula, na bado udumavu upo. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa asilimia 30 ya watoto wa Tanzania walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Kuhusu watoto kama hao, Jamaika ina ushahidi wa kutufaa. Mwaka 1986 na 1987, jijini Kingston, watafiti waliandikisha watoto 129 waliodumaa, wenye umri wa miezi 9 hadi 24. Baadhi yao walitembelewa nyumbani kila wiki kwa miaka miwili na wahudumu wa afya ya jamii, ambao waliwaelekeza akina mama namna ya kucheza na watoto wao kwa vifaa vilivyotengenezwa kwa mikono. Miaka 20 baadaye kipato chao kilizidi kwa takribani asilimia 25 kile cha wenzao waliodumaa ambao hawakupata michezo hiyo. Uji wa lishe ni wa lazima. Mchezo nao uandikwe kwenye ushauri uleule.

Kwa mhudumu wa kliniki, mchezo wa kuigiza ni kipimo kisichohitaji kifaa. Mtoto wa miaka miwili na nusu ambaye kamwe halishi mwanasesere wala kuiga kupika, haonyeshi kitu kwa kidole, tena haitiki jina lake, apelekwe kuchunguzwa usikivu na dalili za usonji. Mama asiambiwe kwamba atachangamka tu akikua.

Tahadhari moja naiona kubwa kuliko nyingine. Punje za mahindi na maharage hupendeza kuwa macho ya sanamu, lakini kwa mtoto aliye chini ya miaka mitatu ni hatari: hupaliwa, punje ikaingia njia ya hewa. Mtoto aliyepaliwa kisha akabaki na kikohozi au mkoromo kifuani afikishwe hospitali hata kama anacheza, kwani punje yaweza kukaa pafuni kwa siku kadhaa ikidhaniwa nimonia. Vilevile, magunia na vifungashio vya viuatilifu visigeuzwe nguo za mwanasesere.

Mvua za Desemba zitamwozesha mlinzi palepale tutani. Mtoto atauliza amekwenda wapi, na swali hilo halina haja ya kujibiwa kwa haraka.