Goma: Mpaka ulifungwa, akina mama wakaungana, chanjo ilifika, wengi wakasita

Mwezi Machi 2020, korona ilipofunga mpaka wa Kongo na Rwanda, hofu ya kwanza katika familia nyingi za Goma ilikuwa njaa. Kabla ya hapo, makumi ya maelfu ya watu walivuka Petite Barrière kila siku kwenda Gisenyi na kurudi, wengi wao akina mama wachuuzi. Kwa kuwa malori ya mizigo yaliendelea kuruhusiwa, baadhi yao waliungana kwa vikundi, wakachanga pesa na kupakia bidhaa zao pamoja.

Kunawa mikono na kupimwa joto hakukuwashangaza wakaaji. Ebola ilikuwa imekwisha kuwazoesha.

Chanjo ndiyo ilileta mashaka. RDC ilipokea dozi milioni 1.7 za AstraZeneca tarehe 2 Machi 2021, lakini ilianza kuchanja tarehe 19 Aprili tu, kutokana na habari za damu kuganda huko Ulaya. Kusubiri huko kuliwapa nguvu wenye kueneza uvumi. Dozi zipatazo milioni 1.3 ziligawiwa nchi nyingine zisije zikaharibika.

Akina mama walijipangia njia ya kuvusha bidhaa. Kuhusu chanjo, walihitaji maelezo mapema, na kwa lugha yao.