Bei ya mililita moja

Shule ya msingi yenye wanafunzi 600, kila mmoja akinawa mara mbili kwa siku, katika mwaka wa masomo wa siku 194, inafikisha kunawa mara 232,800. Mtu yeyote anayetaka kubuni kasha la sabuni ya maji la kufunga ukutani kwa ajili ya shule za wilaya za Tarime na Serengeti, mkoani Mara, aanze na hesabu hiyo, kabla hajashika msumeno wala kalamu ya kuchorea.

Sababu ni kwamba mjadala wa makasha haya karibu kila mara huanzia kwenye bei ya kasha. Mfadhili anauliza moja ni shilingi ngapi, mwalimu mkuu anauliza litavunjika lini, fundi anauliza vifaa vinatoka wapi. Yote ni maswali ya haki, ila shilingi nyingi hazipo huko. Zipo kwenye sabuni inayopita ndani ya kasha siku baada ya siku. Hiyo haina uzinduzi wala mgeni rasmi wa kukata utepe.

Bei ninazotumia hapa ni makadirio ya kukokotolea, na mwenye bei halisi za dukani kwake Sirari au Mugumu abadilishe aone jibu linavyosogea. Tuseme sabuni ya maji inayotengenezwa na wajasiriamali wetu, ile ya salfoniki, ungaroli na chumvi inayouzwa kwenye chupa za maji zilizokwisha kutumika, ni Sh 2,000 kwa lita. Pampu ya kawaida ya kubonyeza hutoa mililita moja hadi mbili kwa mbonyezo. Kwa mililita mbili, shule yetu inahitaji lita 465.6 kwa mwaka, yaani Sh 931,200. Kwa mililita moja, nusu yake: Sh 465,600.

Sasa weka hilo kando ya mfuko wa shule. Tangu elimu bila ada ianze mwaka 2016, ruzuku ya uendeshaji kwa mwanafunzi wa shule ya msingi imehesabiwa kuwa Sh 10,000 kwa mwaka, ambapo Sh 4,000 hubaki kwa ajili ya vitabu na Sh 6,000 hupelekwa shuleni. Wanafunzi 600 wanaleta Sh 3,600,000. Sabuni ya mililita mbili inakula asilimia 26 ya fedha hiyo. Hakuna mwalimu mkuu atakayekubali, na mimi nisingemlaumu: kuna chaki, mitihani, ukarabati na karatasi zinazosubiri kwenye foleni hiyohiyo. Ya mililita moja inakula asilimia 13, ambayo bado ni ndoto.

Kuna njia ya tatu, nayo haikubuniwa na viwanda. Huko Bangladesh, watafiti wa afya walisambaza utaratibu wa kuchanganya gramu 30 za sabuni ya unga katika lita 1.5 za maji, chupa ikatobolewa kifuniko na kuwekwa pembeni ya maji ya kunawa. Tukiwa wakarimu, tutoe mililita tano za maji hayo ya sabuni kwa kila anayenawa. Shule itatumia chupa 776 kwa mwaka, sawa na kilo 23.3 za unga. Kilo ikiwa Sh 5,000, jumla ni kama Sh 116,400: asilimia 3.2 ya ruzuku. Kwa kila kunawa mara mia moja tumeshuka kutoka Sh 400 hadi Sh 50.

Majirani zetu wa Kenya wamekwisha kupita njia inayofanana. Mfumo ulioitwa Povu Poa, uliounganisha bomba linalobana maji na kitoa povu la sabuni, ulichapishiwa matokeo yake mwaka 2016: gharama ya sabuni na maji ilikuwa chini ya dola 0.10 kwa kunawa mara mia, ilhali vifaa vilivyozoeleka nchini humo viligharimu kati ya dola 0.20 na 0.44. Kwa dola ya Sh 2,500, hiyo ni chini ya Sh 250 dhidi ya Sh 500 hadi 1,100. Povu halina miujiza. Ni sabuni kidogo iliyojazwa hewa, mtoto akaona kiganja kimejaa.

Kwa hiyo kasha zuri kwa Tarime na Serengeti ni lile linalotawala kipimo, linalokubali chupa yoyote iliyopo, na lisiloondoka na mtu usiku. Uzuri wa sura uje baadaye.

Tuanze na chupa, maana ndiyo inayowakwamisha wabunifu wengi. Makasha ya dukani yana tangi lake la ndani lenye vali yake. Vali ikikatika, kipuri hakipo Mugumu wala Musoma, na kasha zima linakuwa pambo la ukutani. Kasha letu lisiwe na tangi. Litumie chupa ya maji ya kunywa ya nusu lita, lita moja au lita 1.5, ambayo inaokotwa kila kona. Tatizo ni kwamba chupa hizo hazilingani urefu wala unene. Ile ya nusu lita ina upana wa milimita 65 hivi, ya lita 1.5 inakaribia 90. Ukitengeneza kikombe cha kuikalisha moja, nyingine inacheza au haiingii.

Kitu ambacho chupa hizi zinakaribiana ni shingo. Nyingi zina mdomo wa takriban milimita 28, na chini ya hesi kuna kola ya plastiki inayotokeza pande zote. Basi usiikalishe chupa, itundike. Kata kipande cha bati bapa chenye mpasuo wa upana wa shingo, chupa iteleze kutoka mbele mpaka kola ilale juu ya bati. Mtoto akibonyeza pampu, nguvu inabebwa na kola na bati, wala si kitako cha chupa. Urefu wa chupa haujalishi tena, unakata tu mrija wa pampu uendane nayo. Hesi za pampu na za chupa hazifanani kila mara, kwa hiyo pampu nyingine hukaa bila kukaza. Lazima ujaribu kabla ya kununua pampu mia, na hili ndilo eneo ambalo ningetumia muda mwingi kuliko lingine lote.

Ganda la nje ni bomba la PVC la inchi nne, lile la maji taka, lenye kipenyo cha milimita 110. Bomba la mita sita likikatwa vipande vya milimita 240 linatoa makasha 24 na mabaki kidogo. Chupa ya lita 1.5 inaingia na kuchungulia kwa chini, na hapo mwalimu wa afya anaona akiwa mbali kiasi kilichobaki. Ile ya nusu lita inafichwa yote, hivyo inahitaji dirisha la kutobolewa kwa kekee. Pete ya kandambili chakavu ndani ya bomba inazuia chupa isining'inie ovyo. Kingo za bati zikunjwe, maana mikono itakayopita hapo ni ya watoto wa darasa la kwanza.

Hesabu ya kimoja: kipande cha bomba Sh 1,500 (bomba zima likiwa Sh 36,000), bati Sh 500, skrubu nne na plagi Sh 400, bolti Sh 300, pete Sh 100, ufundi Sh 1,500. Kasha ni Sh 4,300. Ongeza chupa ya Sh 200 na pampu ya Sh 800, jumla Sh 5,300. Anayetaka kufuli badala ya bolti ya kukazwa kwa spana anafika Sh 7,500, na theluthi ya bei hiyo inakuwa kufuli peke yake, linalolinda chupa ya Sh 200. Mimi ningebaki na bolti na kumpa mwalimu wa zamu spana.

Kuta nazo ni za kila aina: matofali ya kuchoma, bloku, udongo kwenye fito. Matundu mawili mgongoni yanatosha kwa skrubu kwenye bloku, na matundu hayohayo yanapitisha waya wa kufungia kwenye nguzo pale ambapo plagi haishiki. PVC ikichomwa na jua miaka mingi inakuwa kavu na kupasuka. Rangi ya mafuta inasaidia, na kivuli cha paa kinasaidia zaidi.

Linganisha na kasha la dukani, tuseme la Sh 25,000. Kwa sehemu nne za kunawia, shule inaokoa Sh 78,800 mara moja. Lakini kola ndogo ya mpira ikivishwa chini ya kichwa cha pampu ili mbonyezo uishie nusu, sabuni ya maji inashuka kutoka mililita mbili hadi moja, na shule inaokoa Sh 465,600 kila mwaka. Karibu mara sita. Kipande cha mpira cha shilingi chache kinashinda tofauti yote ya bei kati ya makasha. Watoto watabonyeza mara mbili, ndiyo, wengine mara tano kwa mchezo. Ndiyo maana maji ya sabuni ya unga yana nafuu: hata wakichezea, kinachomwagika kwa sehemu kubwa ni maji.

Je, kwa nini tusiagize moldi na kuyafyatua kwa maelfu? Sensa ya 2012 ilihesabu watu 339,693 Tarime na 249,420 Serengeti. Mkoa wa Mara ulitoka watu 1,743,830 mwaka huo hadi 2,372,015 mwaka 2022, ongezeko la asilimia 36. Wilaya hizi mbili zikiwa zimekua kwa kasi ileile, zina kama watu 800,000. Tukikadiria mmoja kati ya watano ni mwanafunzi wa msingi, tuna wanafunzi 160,000, sawa na shule 267 za ukubwa wa ile yetu, na makasha 1,067. Sasa moldi ikigharimu Sh milioni 20 na kila kasha likatoka kwa Sh 2,000 badala ya Sh 4,300, inabidi uuze makasha 8,696 ndipo moldi ijilipe. Hiyo ni mara nane ya mahitaji ya wilaya zote mbili. Hata Mara nzima kwa kipimo hicho inaishia 3,163 hivi.

Kwa njia ya karakana, makasha 1,067 yanahitaji mabomba 45. Mafundi wawili wakitoa 12 kwa siku, wanamaliza kwa siku 89. Karakana moja Tarime na nyingine Mugumu, siku 45. Gharama yote pamoja na chupa na pampu ni Sh milioni 5.7. Sabuni ya mwaka mmoja kwa shule hizo ni Sh milioni 31 ikiwa ya unga, au Sh milioni 249 ikiwa ya maji kwa mililita mbili. Anayeandika andiko la mradi akaweka makasha bila kuonyesha sabuni italipwa na nani ameandika sehemu ndogo mno ya gharama.

Faida inayotafutwa inajulikana. Tafiti zilizokusanywa pamoja zinaonyesha kuhimiza kunawa kwa sabuni kunapunguza kuhara kwa takriban asilimia 30, na jaribio la Karachi lililochapishwa mwaka 2005 lilipata zaidi ya nusu kwa watoto. Ila kasha lenyewe linaweza kugeuka chanzo cha uchafu. Huko Marekani, uchunguzi wa vitoa sabuni vya kujaziwa kwenye vyoo vya umma uliochapishwa mwaka 2011 ulikuta kimoja katika kila vinne kina bakteria kupita kiasi. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2009 unakataza kuongezea sabuni juu ya masalio. Chupa ya kutundikwa inalimaliza hilo kwa Sh 200: kila kasha liwe na chupa mbili, moja kazini, nyingine imeoshwa na inakauka kichwa chini.

Kuna gharama mbili ambazo bomba la PVC haliwezi kuzipunguza. Ya kwanza ni maji yenyewe. Watoto 600 wakinawa mara mbili kwa theluthi moja ya lita, ni lita 400 kwa siku, madumu 20 ya lita ishirini. Shule yenye kisima haioni shida. Isiyo na kisima, kiangazi kikishika, madumu hayo yanapanda vichwani mwa wanafunzi. Ya pili ni kujaza. Kwa mililita tano, shule inamaliza lita sita za maji ya sabuni kwa siku: chupa nne za lita 1.5, moja kwa kila kasha. Maana yake ni kazi ya kila asubuhi, gramu 120 za unga, na jina la kiranja kwenye orodha ya zamu.

Hesabu hiyo ya chupa moja kwa siku ndiyo ningeitumia kujaribia kabla ya kukata mabomba 45. Bomba moja linatosha shule sita, tatu Tarime na tatu Serengeti, kwa Sh 127,200 ukiweka chupa na pampu. Kila jioni kwa muhula mmoja, kiranja aandike kiasi kilichobaki. Ikiisha kabla ya saa nne, pampu inamwaga au inachezewa, na kola ya mpira irefushwe ili mbonyezo uwe mfupi zaidi. Ikikutwa imejaa saa nane mchana, ukaguzi uanzie kwenye ndoo ya maji kabla ya kumwita fundi.