Winga Ndani ya Kisanduku cha Kutafutia

Shuka Msimbazi, kata Mtaa wa Kongo, sema "viten…" Hujamaliza neno, winga, yule dalali wa mtaani, keshakudaka: "Vitenge, dada? Jumla au rejareja?" Maneno matano tu, na tayari umeshajua uende duka gani. Angeanza na "naomba nikueleze jinsi ya kupata vitenge", ungekuwa umeshampita.

Kisanduku cha kutafutia kwenye tovuti ya maelekezo kinafanya kazi ya winga. Ukigonga herufi mbili tatu, kinashusha mapendekezo. Mara nyingi maneno huwa yamepangwa ndani kwa mfano wa mti, muundo ambao Edward Fredkin aliueleza mwaka 1960: kila herufi ni tawi, na kila unapogonga nyingine, matawi yasiyohusika yanaachwa.

Kwa Kiingereza mti huo hausumbui sana, kwa sababu alama ya wingi hukaa mwishoni mwa neno. Kiswahili hugeuza mwanzo. Aliyeandika "kitenge" amepanda tawi la K, wakati ukurasa wa "vitenge" uko tawi la V. Mtengenezaji asipoyafunga maneno hayo pamoja, mteja ataambiwa hakuna kitu, na mzigo umejaa stoo.

Kisha kuna macho. Kwenye simu, kibodi humeza sehemu kubwa ya kioo na kubakiza mistari michache. Mwaka 2006 Jakob Nielsen alifuatilia mwendo wa macho ya wasomaji wa tovuti, akaona kwamba kadiri wanavyoshuka chini ndivyo wanavyong'ang'ania upande wa kushoto. Sasa soma orodha hii:

Jinsi ya kubadilisha namba ya siri
Jinsi ya kubadilisha lugha
Jinsi ya kubadilisha laini

Kushoto kote ni wimbo mmoja. Habari yenyewe imejificha kulia, ambako kioo chembamba huikata. Igeuze:

Namba ya siri: kubadilisha
Lugha: kubadilisha
Laini: kubadilisha

Hapo jicho linashuka mara moja na kutua linapotaka. Orodha nayo iwe fupi: mwaka 2001 Nelson Cowan alikadiria kuwa akili hushika takriban vitu vinne kwa wakati mmoja.

Kipimo hakihitaji maabara. Funika nusu ya kulia ya orodha kwa kidole gumba. Ukishindwa kutofautisha mstari na mstari, panga upya.