Dawa ya Dereva: Uliza Kabla ya Kushika Usukani

Katika kikao cha kikundi kimoja cha akina mama, baada ya kuhesabu pesa za mzunguko, mama mmoja alitoa bahasha mbili ndogo za dawa mkobani. Mume wake ni dereva wa trela, anabeba mizigo kutoka Mombasa hadi Malaba. Bahasha ya kwanza, ya dawa za presha, ilikuwa bado imejaa. Mzee alikuwa ameziacha kwa sababu zilimfanya akojoe kila mara, na trela haliegeshwi popote kama baiskeli. Bahasha ya pili, ya mafua, ilikuwa karibu kwisha. Hiyo aliinunua duka la dawa, bila kupanga laini. Mama akatuuliza: sasa ni afadhali aache dawa aendeshe, ama ameze asinzie barabarani?

Sisi wafanyakazi wa jamii si madaktari, kwa hivyo swali hilo tulilipeleka kwa muuguzi wa zahanati. Jibu lake lilikuwa fupi: si lazima kuchagua kati ya mabaya mawili. Dereva amwambie anayempa dawa kazi yake ni gani, tena kabla dawa haijaandikwa. Wacha tueleze kwa nini.

DAWA ZINAZOLETA USINGIZI

Wengi hudhani dawa ya kuogopwa ni ile kali ya hospitali tu. Sivyo. Vidonge vya mafua na mwasho ambavyo wengi wanavijua kwa jina la Piriton huleta usingizi, na aliyemeza usiku anaweza kuamka asubuhi kichwa bado kizito. Valium hukaa mwilini zaidi ya siku moja. Dawa za maumivu zenye kodeini au tramadoli, dawa nyingine za kikohozi, na baadhi ya dawa za msongo wa mawazo pia hulegeza mwili na akili.

Tufanye hesabu kidogo. Lori likienda kilomita 80 kwa saa, linakata mita 22 kila sekunde. Dereva akifumba macho sekunde 3 tu, mita 66 zimepita na hakuna mtu anayeendesha. Mahali kama Salgaa, ambapo barabara ni mteremko mrefu, mita hizo ni nyingi mno.

Ukiongeza pombe, hata chupa moja, usingizi wa dawa huzidi. Wengine nao hutafuna miraa kuufukuza. Miraa haiondoi dawa mwilini. Inaficha uchovu kwa muda na kupandisha presha, halafu nguvu yake ikiisha, usingizi unarudi pale pale.

DAWA ZISIZOFAA KUACHWA

Presha haiumi, ndiyo maana dereva hujiona mzima na kuacha dawa. Lakini presha isiyotibiwa inaweza kuleta kiharusi, hata mtu akiwa kwenye usukani. Kama dawa inakojoza sana, daktari anaweza kubadilisha saa ya kumeza au kumpa ya aina nyingine. Siku za kwanza dawa ya presha inaweza kuleta kizunguzungu, hasa mtu anaposimama ghafla au kushuka kutoka kwenye kabini. Ni vizuri kuianza akiwa nyumbani.

Ugonjwa wa sukari una hatari yake. Anayetumia insulini, au baadhi ya vidonge vya sukari, chakula kikichelewa kwenye foleni ya mizani, sukari inaweza kushuka kupita kiasi. Dalili zake ni jasho, kutetemeka, njaa ya ghafla, moyo kudunda na kuchanganyikiwa. Utingo asiyejua atafikiri dereva amelewa. Hapo aegeshe lori na kuzima injini, anywe soda yenye sukari au maji ya sukari, kisha ale chakula. Akijisikia sawa, bado asubiri angalau dakika 45 kabla ya kuondoka.

Wale wanaomeza dawa za ARV wasiziruke kwa kumwogopa utingo atakayeziona. Wabebe za safari nzima na za siku kadhaa za ziada, kwa sababu foleni ya mpakani haina saa.

Kifafa ni jambo lingine. Mwenye kifafa kazi ya lori haimfai, na ni heri atafute nyingine mapema. Dawa zake asiache, maana kuziacha ghafla huleta kifafa kikali zaidi.

MASWALI MANNE YA KUULIZA

Bahasha ya dawa mara nyingi huandikwa "1 x 3" tu. Haisemi chochote kuhusu usingizi. Kwa hivyo dereva aulize mwenyewe, hospitalini na pia duka la dawa:

1. Mimi ni dereva wa lori. Dawa hii inaleta usingizi, kizunguzungu, au ukungu machoni?
2. Kama inaleta, kuna nyingine isiyoleta? Ama nitaimeza saa ngapi?
3. Nikae siku ngapi bila kuendesha, nione mwili unavyoipokea?
4. Inapatana na hizi nyingine ninazotumia? (Aonyeshe zote, hata za mitishamba.)

Kisha aombe jibu liandikwe juu ya bahasha. Asiyejua kusoma aende na mtu wake.

SHERIA INASEMA NINI?

Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, inamkataza mtu kuendesha gari akiwa amezidiwa na kileo au dawa hata ashindwe kulitawala. Anayeomba leseni pia hutakiwa kueleza kama ana ugonjwa unaoweza kumfanya awe hatari kwa wengine barabarani.

Lakini sheria inamlinda mgonjwa pia. Kwa Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, mfanyakazi aliyemaliza miezi 2 kazini ana haki ya kupumzika akiugua: siku 7 kwa mshahara kamili, na siku 7 nyingine kwa nusu mshahara, katika kila miezi 12. Ni lazima awe na barua ya daktari na amjulishe mwajiri mapema. Sheria hiyo hiyo inakataza mtu kufutwa kazi kwa sababu ya virusi vya ukimwi.

Tunajua madereva wengi hulipwa kwa tripu, bila barua ya kazi. Mtu kama huyo ukimwambia apumzike siku tatu, atakuuliza watoto watakula nini. Hapo ndipo kikundi kina kazi. Kikundi kinachoweza kukopesha pesa za matanga kinaweza pia kukopesha pesa za unga, ili dereva mgonjwa asiingie barabarani kwa kukosa njia.

Yule mama alimshawishi mzee wake wakaenda zahanati pamoja, na bahasha zote mbili. Kwenye kadi yake hapakuwa na mahali palipoandikwa kwamba yeye ni dereva. Hakuwa amesema, na hakuna aliyemuuliza. Dawa ya presha ilibadilishwa, na ile ya mafua akaambiwa aiache akiwa kazini. Tripu moja ilimpita, na bosi alinung'unika. Kikundi kiliwakopesha pesa za wiki mbili, na mkopo huo wanaulipa kidogo kidogo.

MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA KIKUNDI

1. Katika kikundi chetu, nani ana mume, ndugu au mtoto anayeendesha lori, matatu au bodaboda? Tunazijua dawa anazomeza?
2. Kwa nini dereva huficha ugonjwa wake? Anamwogopa nani?
3. Mfuko wetu wa dharura unaweza kusaidia nyumba moja kwa siku ngapi? Tukiongeza kidogo kila mwezi, tutafika wapi?
4. Tunaweza kumwalika muuguzi siku gani, kila mtu aje na bahasha zake za dawa?