Macho Hayana Kosa

Mwalimu wa elimu maalumu hamalizi muhula bila kuulizwa: "Mwanangu anageuza b kuwa d. Nimpeleke kwa daktari gani wa macho?"

Yeyote atafaa. Macho na masikio sharti yapimwe kabla ya mengine yote, na mtoto asiyeona ubao apewe miwani, basi. Balaa huanza majibu yanapoonyesha kuwa macho ni mazima na mzazi asiamini. Huenda duka la pili, la tatu, mpaka apate wa kumuuzia miwani ya vioo vya rangi, akiahidiwa kwamba herufi zitaacha kucheza.

Hazitaacha. Mwaka 2009 chama cha madaktari wa watoto cha Marekani, pamoja na vyama vya madaktari wa macho wa nchi hiyo, vilitoa tamko kwamba hakuna ushahidi wa kuaminika kuwa miwani ya rangi au mazoezi ya macho hutibu disleksia, yaani ugumu wa kujifunza kusoma na kuandika. Miwani hiyo ingali inauzwa.

Kisa kimoja cha zamani kingetosha kuumaliza ubishi huu. Mwaka 1896 daktari Pringle Morgan aliandika katika British Medical Journal habari za Percy, mvulana Mwingereza wa miaka 14. Alikuwa amefundishwa kusoma miaka na miaka, na bado alikwama kwenye maneno mafupi kabisa. Jina lake mwenyewe aliliandika "Precy", asilione kosa mpaka alipoambiwa atazame tena na tena. Kijana huyohuyo alipewa azidishe 749 kwa 867, akapata jibu sahihi, tena upesi. Kama macho ndiyo mabovu, mbona 6 haikugeuka 9?

Kugeuza b na d kwenyewe si dalili ya kutia hofu. Watoto wengi hufanya hivyo hadi miaka saba hivi, na wana sababu: kikombe ni kikombe hata mkono wake ukielekea kushoto. Herufi ndizo zinazomfundisha mtoto kwamba upande una maana. Kwa wengi wenye disleksia, shida iko kwenye sauti. Mwambie mtoto aondoe "ka" katika "kalamu", aseme kinachobaki. Anayeshindwa hapo ameshindwa akiwa amefumba macho.

Na hapa ndipo shule hupitwa. Vipimo vingi vilitungwa kwa ajili ya Kiingereza, kwa hiyo huhesabu makosa. Kiswahili huandikwa kinavyotamkwa. Mtoto mwenye disleksia anaweza kukisoma bila kukosea, ila kwa mwendo wa kobe. Waitaliano wenye disleksia wako vivyo hivyo: utafiti uliochapishwa katika jarida la Science mwaka 2001 uliwakuta na hitilafu ileile ya ubongo waliyo nayo wenzao Waingereza na Wafaransa, ingawa katika kusoma waliwazidi.

Watoto wengine hukariri. Mwalimu wa Gredi ya Pili anamsikia mtoto akitiririka ukurasa mzima, anampa alama. Angeinama kidogo angeona kidole kiko mstari wa pili na mdomo umeshafika wa nne. Ampe neno lisilokuwapo duniani, "tupemo" kwa mfano, huku akitazama saa.

Yaliyobaki hayana maajabu. Linganisha anachojibu kwa mdomo na anachoandika. Ondoa sababu nyingine: utoro, njaa, lugha (anayezungumza Kikamba nyumbani na kufundishwa kwa Kiingereza hana ulemavu, ana lugha mpya). Mfundishe sauti na silabi katika kikundi kidogo, kila siku, muhula mzima, ukiandika anavyosonga. Akibaki palepale, apelekwe EARC, vituo vya tathmini vilivyoanzishwa Kenya mwaka 1984 kwa msaada wa Denmark, au KISE, taasisi ya elimu maalumu kule Kasarani. Ripoti itafutwe mapema. Muda wa ziada katika mtihani wa taifa hauombwi wiki ya mtihani. Kumrudisha darasa ni kumpa somo lilelile kwa njia ileile iliyomshinda. Dawa za chupa za "kuongeza akili" zisijadiliwe hata.

Siku ya tathmini mzazi abebe madaftari ya mwaka mzima, yale yaliyojaa wino mwekundu, maana ripoti ya alama peke yake haimwambii mpimaji lolote. Miwani ya rangi aiache nyumbani.