Mchango kwa Simu: Pesa Zimefika, Je, Hesabu Iko Wapi?

Ukiishi Likuyani unaijua hii: simu inalia usiku, kuna mgonjwa amekimbizwa Hospitali ya Rufaa ya Moi kule Eldoret, au kuna msiba. Kabla ya saa sita mchana grupu la WhatsApp limefunguliwa, nambari ya kutuma pesa imebandikwa, na watu wameanza kuandika "nimetuma".

Hapo teknolojia imefanya kazi yake. Shida huanza wiki ya pili, mtu akiuliza swali dogo tu: "Kwani zilifika ngapi?" Swali hilo linaweza kukosanisha ndugu hata pale ambapo hakuna aliyekula senti. Leo tuongee jinsi ya kuchanga kwa simu na kubaki bado mnasalimiana.

Simu ilitusaidia vipi?

Sehemu nyingi za Likuyani ni mashamba ya skimu yaliyogawiwa baada ya uhuru. Familia zilihamia hapa kutoka sehemu mbalimbali za Magharibi, na watoto wao sasa wako Nairobi, Mombasa, hata nchi za Ghuba. Harambee ya kukaa pamoja kwenye boma haiwezi kuwafikia wote. Zamani pesa zilipitia kwa kondakta wa basi au moni oda ya posta, na mgonjwa hangojei basi.

M-Pesa ilipoanza Machi 2007, hilo lilibadilika. Watafiti William Jack na Tavneet Suri walifuatilia familia za Kenya zilizopatwa na mambo kama ugonjwa au kupoteza kazi. Katika utafiti waliouchapisha 2014, familia zisizotumia huduma hiyo zilipunguza matumizi yao kwa takriban asilimia 7. Zilizoitumia hazikupunguza. Sababu? Zilitumiwa pesa mara nyingi zaidi, na na watu wengi zaidi. Yaani mia mbili ya huyu na mia tano ya yule ndizo zilizoshikilia nyumba.

Kwa hivyo imani ya watu wanaochanga ni mali. Ikivunjika kwa mchango huu, mgonjwa wa mwaka ujao ndiye atakayeumia.

Mambo sita ya kufanya

1. Tumia nambari moja, na jina lake lijulikane. Andika kwenye tangazo: nambari, jina litakalotokea kwa simu, na uhusiano wake na familia. Laini ya kando ni bora kuliko laini ya mtu ya kila siku, maana pesa za mchango zikichanganyika na za unga, hata mwaminifu hawezi kueleza. Mchango ukiwa mkubwa, fikiria nambari ya paybill au jukwaa la kuchangisha kama M-Changa. Kumbuka pia akaunti ina kikomo: tangu 2023, akaunti ya M-Pesa hubeba hadi shilingi 500,000.

2. Anayepokea asiwe peke yake. Mmoja ashike laini, mwingine aandike daftari. Matumizi yaamuliwe na kamati. Hii si kumshuku mtu. Ni kumkinga, ili siku ya maswali awe na shahidi.

3. Lipa moja kwa moja. Kama hospitali, mochari au mwenye hema anapokea malipo kwa paybill au till, lipa hapo badala ya kutoa pesa kwa ajenti. Unaepuka gharama ya kutoa, hutembei na noti mfukoni kutoka Matunda hadi Eldoret, na unabaki na ujumbe unaoonyesha nani alilipwa, kiasi gani, saa ngapi. Kabla ya kuweka PIN, soma jina la anayelipwa.

4. Toa ripoti kila jioni. Mistari mitatu inatosha: zilizoingia, zilizotumika, zilizobaki. Tuseme watu 120 wametuma shilingi 500 kila mmoja: zimeingia 60,000, hospitali imelipwa 45,000, zimebaki 15,000. Wenye kabambe wasioingia WhatsApp watumie SMS hiyo hiyo. Mwisho wa yote, omba taarifa ya akaunti, kwa sababu picha ya ujumbe inaweza kuchezewa.

5. Andika na visivyopita kwa simu. Jirani aliyeleta gorogoro kumi za mahindi au kuni amechanga pia. Noti alizoacha mzee mkononi ziandikwe mbele yake.

6. Linda heshima ya mwenye kidogo. Kuna familia zinazosoma majina na viwango vyote, na wengine huona ni sawa. Lakini aliye na hamsini anaweza kunyamaza kabisa akijua orodha itapita mbele ya shemeji zake. Mnaweza kutangaza jumla kwa grupu, kisha kila mtu athibitishiwe wake faraghani. Amueni kabla ya kuanza, si katikati.

Jihadhari na haya

Walaghai hunakili tangazo la mchango wa kweli, wakabadilisha nambari tu, na kulisambaza. Likikufikia kupitia grupu la tatu, pigia simu mtu wa familia unayemjua kwa sauti. Jina likitokea tofauti na lililotangazwa, simamisha hapo hapo.

Ukituma kwa nambari isiyo sahihi, usingoje kesho. Mteja wa M-Pesa anaweza kusambaza ujumbe wa muamala huo kwa 456 kuomba urejeshwe. Ukichelewa, aliyepokea anaweza kuwa ameshazitoa.

Na mweka hazina wa mchango hahitajiki kumpa mtu yeyote PIN yake: si kamati, si mtu anayejiita huduma kwa wateja.

Siku ya kufunga

Tangazeni tarehe ya mwisho mapema, na mkubaliane zikibaki zitaenda wapi: dawa, karo ya watoto walioachwa, au hazina ya dharura. Kisha tumeni ripoti ya mwisho pamoja na shukrani, hata kama hakuna aliyeiomba. Anayeipokea akiwa kibaruani mbali na nyumbani atajua mia mbili yake ilifika kitandani kwa mgonjwa, na simu ikilia tena, hatasita kutuma.

Una njia ambayo familia au chama chenu hutumia kuweka hesabu za mchango? Tuandikie, wengine wajifunze.